Mwalimu Aliyetugawia Chaji

Nitaanza kwa kumsifu. Nimemchukia kwa miaka mingi, na sitaki mtu aseme kwamba chuki yangu ni ya mtu asiyeona. Nilimwona vizuri kuliko wengi. Alikuwa mwalimu wetu wa Kemia na Fizikia katika shule ya sekondari huko juu kwenye milima ya Same, upande wa Mamba, mahali ambapo ukungu wa asubuhi huingia darasani bila hodi na kukaa kwenye madawati pamoja na wanafunzi. Kila siku alipanda kwa miguu akiwa amevaa mabuti ya mpira yaliyojaa tope. Akifika mlangoni aliyavua, akatoa viatu vyake vyeusi kwenye mfuko wa plastiki, akavivaa taratibu, ndipo akaingia. Hatukuwahi kumwona na tope darasani. Shati lake lilikuwa jeupe, kola imekaza, na kipande cha chaki kilikaa juu ya sikio la kulia kama penseli ya fundi seremala.

Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na chumba kilichoandikwa "Maabara" ambamo yalihifadhiwa majembe na magunia ya tangawizi ya shamba la shule. Lakini mtu yule alikuwa na uwezo wa kukuonyesha chaji kwa kutumia chochote kilichokuwa mbele yake. Alichukua rula ya plastiki, akaisugua kwenye nywele za mwanafunzi, akaisogeza karibu na uzi mwembamba wa maji yanayotoka bombani, na maji yakapinda. Tulipiga kelele kama watu walioona mwujiza. Yeye hakucheka. Alisema, "Maji hayajarogwa. Ni chaji tu. Elektroni zimehama kutoka kwenye nywele kwenda kwenye rula. Andikeni." Siku za baridi alifunga mapazia, akamwambia mtu avue sweta kwa haraka, na tukaona cheche ndogo za buluu zikirukaruka kwenye sufu. "Umeona? Hata wewe umejaa umeme, ni vile tu hujatikiswa."

Alikuwa na misemo yake. Uliokuwa maarufu zaidi ni "Ishara!" Ukijibu swali ukasema chaji ya elektroni ni moja, alikukata neno kwa sauti ya juu: "Ishara!" Ilikupasa useme hasi moja. Ukiandika moja bila alama mbele yake, hata kama hesabu yote ilikuwa sahihi, hukupata kitu. Alisema namba isiyo na ishara ni uongo uliovaa suti. Hadi leo, nikiwa mbele ya darasa langu mjini Same, neno hilo hunitoka kabla sijalizuia, na kila linaponitoka nakasirika kwamba sauti yake bado inaishi kinywani mwangu.

Jumapili aliimba besi katika kwaya ya Kilutheri. Nilimwona akilia kanisani, machozi yanamtiririka wazi mbele ya watu, kwa sababu ya wimbo tu. Mtu huyohuyo Jumatatu alimwambia msichana kwamba kichwa chake ni mtungi wa kuwekea upepo. Redio za wajane wa kijiji alizitengeneza bure, na vitunguu wakimpa alivikataa. Ila aliyekosea kuandika alama ya jumlisha hakumsamehe hadi anamaliza shule.

Lipo jambo moja alilonitendea mimi ambalo siwezi kuliruka. Baba yangu alitaka niache masomo ya sayansi. Alisema tangawizi inahitaji mikono, na msichana anayejua atomu hatapata mume wa maana. Mwalimu alisikia. Jioni moja alipanda hadi kwetu, njia ambayo hata bodaboda walikuwa wanaikataa msimu wa mvua kama ule, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko la mama.

"Mzee mwenzangu," alimwambia baba, "huyu mtoto akiacha sayansi, mimi nitakuwa nimefanya kazi bure hapa mlimani."

Baba alicheka akidhani ni utani. Mwalimu hakucheka. Alikaa hadi baba akakubali, akanywa uji, akavaa mabuti yake, akashuka. Nikawa mwalimu wa Fizikia kwa sababu ya jioni ile. Nalisema hili wazi, na pia ninasema kwamba halimpunguzii deni lake hata kidogo. Linamwongezea, na nitaeleza kwa nini.

Nilikuwa na rafiki aliyeitwa Namnyaki. Alitoka tambarare, chini kabisa, katika familia ya wafugaji, na alikuja shuleni kwetu kwa sababu shangazi yake aliolewa huku juu. Kiswahili chake kilikuwa na mdundo wa Kimaasai, Kipare hakukijua, na Kiingereza, ambacho ndicho kilikuwa lugha ya darasani, kilimtoka kwa shida. Lakini alikuwa na tabia ya kutazama jambo kimya kwa muda mrefu, kama anavyotazamwa mnyama anayeumwa, kisha akauliza swali moja. Tulilala bweni moja, kitanda chake chini, changu juu. Ndiye aliyenifundisha kugawanya desimali kichwani.

Tulipofika kidato cha tatu, mwalimu alitupeleka uwanja wa mpira ili tuwe atomu. Katikati ya uwanja aliwaweka wavulana wachache, wote watoto wa waalimu na wa wazee wa kanisa. "Ninyi ni protoni. Chaji chanya. Sukumaneni, kwa sababu chaji zinazofanana hazipendani." Wakasukumana wakicheka. Akawazungushia kamba ya mbuzi. "Hii kamba ni nguvu ya kiini. Bila hiyo, kila kitu duniani kingetawanyika." Wengi wetu tulikuwa elektroni, tukakimbia kuzunguka pembeni kabisa mwa uwanja, tukipiga kelele, "Hasi! Hasi!" Ilikuwa raha, na ninakiri kwamba hakuna siku niliyoielewa atomu vizuri kama siku ile.

Kisha akawatazama waliobaki. Walikuwa Namnyaki na wenzake wawili kutoka tambarare. "Ninyi ingieni katikati, simameni na protoni. Ninyi ni nyutroni. Hamvuti, hamsukumi. Kazi yenu ni kuongeza uzito."

Darasa lilicheka. Wenzake wawili walicheka pia. Namnyaki hakucheka. Alisimama ndani ya ile kamba akiwaangalia wavulana wakimsukuma huku na huku, na nilipokuwa nakimbia pembeni nilimwona midomo yake inacheza, kama mtu anayehesabu.

Kesho yake alinyoosha mkono. Alijaribu kwa Kiingereza, akakwama, akahamia Kiswahili.

"Mwalimu, nauliza kuhusu nyutroni. Mafahali wawili ukiwafunga kamba moja, huyu akavuta huku na huyu akavuta kule, na nguvu zao ni sawa, kamba haitembei. Mtu aliye mbali atasema hapo hakuna anayevuta. Sasa nyutroni, tunajuaje kwamba ndani yake hakuna kitu? Labda chaji zimo, ila zimelingana."

Lilikuwa swali zuri, na hata sisi tuliokuwa hatujui chochote tulisikia uzuri wake. Nilimtazama mwalimu nikitegemea atafurahi.

Aliitoa chaki juu ya sikio, akaandika duara kubwa ubaoni. "Hii ni nini?"

"Sifuri," tulisema.

"Ndani yake kuna nini?"

"Hakuna."

"Asanteni. Nyutroni ni sifuri, na sifuri haina mafahali ndani." Akamgeukia. "Hapa siyo zizini. Ukitaka kusema habari za ng'ombe, tambarare ni kule chini. Keti, Sifuri."

Jina likashika siku hiyohiyo. Jikoni wapishi walimwita Sifuri, wadogo wa kidato cha kwanza walimwita Dada Sifuri kwa adabu, wakidhani ndilo jina lake. Mwalimu mwenyewe hakuwahi kumwita vingine tena. Alimhamishia dawati la nyuma, na daftari lake alilirudisha bila kulisahihisha. Alipouliza, mwalimu alisema, "Mwenye sifuri haongezewi wala hapunguziwi." Hakuna mwalimu mwingine aliyesema neno. Wasichana wengine walipunguza kukaa naye, si kwa chuki, bali kama unavyomkwepa mtu aliyeshikwa na ukurutu.

Kwao kulikuwa na mzee aliyekwisha kuonyesha nia ya kumwoa. Namnyaki alikuwa amemzuia baba yake kwa neno moja tu, kwamba waalimu wanasema anakwenda vizuri. Kwa hiyo baba yake akapanda mlima kuja kuwasikia waalimu. Alikuwa mtu mrefu, mpole, shuka jekundu, fimbo mkononi. Nilikuwa nje ya ofisi ya waalimu nikisubiri kukabidhiwa chaki za darasa, na mlango ulikuwa wazi. Mwalimu wetu ndiye aliyekuwemo.

"Nimekuja kuuliza habari za binti yangu," alisema yule mzee. "Nimeambiwa anasoma vizuri."

"Nani amekuambia?"

"Yeye mwenyewe."

Mwalimu alicheka kidogo. "Mzee, mimi sitakudanganya. Huyu hana kitu ndani. Mrudishe nyumbani, usiendelee kuuza ng'ombe wako bure."

Yule mzee alishukuru. Ndilo jambo linaloniuma kuliko yote, kwamba alishukuru, akaamini kwamba ameambiwa ukweli na mtu msomi. Namnyaki aliitwa kutoka darasani. Alifunga godoro lake, akanipa rula yake na kikombe chake, akashuka nyuma ya baba yake bila kulia. Kabla mvua za vuli hazijaanza tulisikia ameolewa.

Nilimaliza shule, nikaenda chuo kikuu. Katika mhadhara mmoja, mhadhiri kijana aliyekuwa akisinziasinzia mwenyewe alituambia kwamba protoni na nyutroni si vitu vya mwisho. Ndani yake mna chembe ndogo zaidi zinazoitwa kwaki. Nyutroni ina tatu: moja ina chaji chanya ya theluthi mbili, na mbili zina chaji hasi ya theluthi moja kila moja. Jumlisha, unapata sifuri. Chaji zimo, ila zimelingana. Alisema hivyo kama anavyosema mtu kwamba leo ni Jumatano, akageuza ukurasa. Mimi nilitoka nje ya ukumbi nikakaa kwenye ngazi. Sikuona fahari ya sayansi wala chochote cha aina hiyo. Nilimwona mtu mwenye shati jeupe akichora duara ubaoni, na nikaapa kwamba nitalivunja lile duara mbele yake.

Ilinichukua muda kumpata Namnyaki. Nilipopangiwa kazi Same nilimkuta kwenye mnada wa ng'ombe, ana kibanda cha dawa za mifugo. Wafugaji walipanga foleni wakimweleza kondoo anakohoa vipi na ndama anahara rangi gani, naye akasoma maandishi madogo kwenye chupa na kuwapimia. Mume alikwisha kufariki. Alinitambua kabla sijasema neno. Tulikumbatiana, vumbi limetupaka sote wawili. Alipopata nafasi tukakaa juu ya makreti ya soda, nikamweleza habari za kwaki.

Alisikiliza kimya, kwa namna yake ileile. Akaniambia nirudie zile theluthi. Akazijumlisha kwa vidole.

"Kwa hiyo nilikuwa sahihi."

"Ulikuwa sahihi."

"Yeye anajua?"

"Sijui kama anajua."

Akatazama ng'ombe waliokuwa wanapakiwa kwenye lori. Nilidhani atasema yamepita, kama watu wanavyosema. Alisema, "Mwambie. Lakini usimwambie pembeni. Mimi aliniambia mbele ya watu."

Nafasi ilikuja kwa njia ya baraka. Shule ilinialika kuzungumza kwenye mahafali ya kidato cha nne, kama mwanafunzi wa zamani aliyefuata sayansi. Siku hiyohiyo walikuwa wanamuenzi mwalimu wetu, aliyekwisha kustaafu, kwa kumpa heshima ya kufungua maabara, ya kweli safari hii, yenye mabomba na meza za vigae. Alikuwa amekaa jukwaani kwenye kiti chenye kitambaa, shati jeupe, mkongojo kati ya magoti. Nilipopanda jukwaani niliwaamkia wote mmoja mmoja, mchungaji, mkuu wa shule, mama mwenyekiti wa bodi. Nilipofika kwake nilimpita. Sikumpa shikamoo. Mkono wake ulikuwa umeshainuka, ukabaki hewani, kisha ukarudi kwenye mkongojo. Walioona waliona.

Niliwauliza wanafunzi, "Chaji ya nyutroni ni ngapi?"

"Sifuri!" Uwanja mzima.

"Ndani yake kuna nini?"

Nikawaeleza. Nikawaambia kwamba miaka ya nyuma, katika shule hii, msichana wa kidato cha tatu kutoka tambarare aliliona jambo hilo kwa akili yake mwenyewe, bila kitabu. Nikawasimulia mafahali na kamba, wakacheka kwa kufurahi. Kisha nikawaambia alijibiwa nini, na baba yake aliambiwa nini, kwa maneno yaleyale, sikuongeza wala sikupunguza. Kicheko kikafa. Nikasema, "Mwalimu aliyesema maneno hayo anafungua maabara yenu leo. Ameketi pale."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mwenyekiti wa bodi alikohoa. Kwaya, iliyokuwa ipande baada yangu, ilisimama bila kujua ianze au isianze. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa, akaivua tena. Nilikuwa nimengoja kuiona sura yake kwa miaka mingi, na sasa niliitazama bila haraka. Nitasema ukweli: ilikuwa tamu. Wakati wa pilau mkuu wa shule alinivuta kando.

"Mwalimu, umetuaibisha. Yule ni mzee."

"Alipoyasema hakuwa mzee," nilimjibu, nikaendelea kula.

Nilidhani habari imeishia hapo. Lakini siku moja ya likizo, mchana, jua la Same limewaka na upepo mkavu unasukuma vumbi uani, alikuja nyumbani kwangu. Alikuwa ameshuka mlimani kwa bodaboda hadi barabarani, akapanda basi, akauliza watu hadi akanipata. Nilimkaribisha ndani, nikampa kiti na maji, kwa sababu hata mtu unayemchukia hupewa maji. Shikamoo sikumpa. Hakuingojea.

"Nimekuja kukuambia jambo ambalo hukulisema siku ile kwa sababu hulijui," alisema. "Likizo ileile, baada ya yule binti kuondoka, nilikwenda semina Moshi. Nilimuuliza mkufunzi swali lake. Lilikuwa limenikaa kichwani. Akanieleza habari za kwaki."

"Likizo ileile?"

"Ndiyo."

"Kabla hajaolewa."

"Nilisikia harusi bado. Nilifikiri kwenda kwao. Nikasema, mwalimu akienda kumwambia mfugaji kwamba alikosea, nani atamsikiliza tena? Nikasema ameshaondoka, haina faida. Nikaendelea kufundisha."

"Kwangu ulipanda mlima kwenye mvua," nilisema. "Kwake ilikuwa kushuka tu."

Aliinamisha kichwa. Mikono yake ilikuwa imeshika mkongojo, mikono ya mzee, yenye madoa. "Nipeleke kwake," alisema. "Nimwombe radhi kabla sijafa. Na jina lake, mwanangu. Nimelitafuta usiku na mchana, halinijii. Nakumbuka lile nililompa mimi tu."

Nilitoka uani nikampigia Namnyaki. Nilisikia mbuzi na sauti za wateja. Nikamweleza yote, hata semina ya Moshi.

"Anataka nini?" aliuliza.

"Msamaha."

"Utamsaidia nani?"

"Yeye."

Nikamsikia akimwambia mteja atikise chupa kabla ya kutumia. Kisha akanirudia. "Mimi sina haja nao. Asije. Na jina langu usimpe."

Nilirudi ndani. "Amekataa."

"Basi jina tu. Nikiomba, nilitaje."

"Amekataa na hilo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Pengine alitegemea nitalegea, mimi ambaye alikuja kunywa uji kwetu ili nisome. Nilimtazama vilevile. Akasema, "Sawa." Akainuka kwa shida, akaniaga, akatoka.

Kwetu mgeni husindikizwa, hata awe mtoto, angalau hadi mahali njia inapopinda. Mimi nilibaki kitini. Nilisubiri huruma inijie, kwa kuwa nilijua huwajia watu wema saa kama ile, na haikuja. Nilimsikia akifika getini akaanza kuhangaika na komeo, ambalo ni gumu kwa asiyelizoea. Unatakiwa uliinue kwanza, ndipo ulivute. Alivuta. Akapumzika, akavuta tena. Ilichukua muda. Sikuinuka.